Picha ya Thelathini na Sita

Mwalimu hakuwa na haja na majina ya watu. Mimi alinifundisha hesabu darasa la sita, kwa hiyo jina langu alilijua, na la mama yangu, na hata la ng'ombe wetu aliyekuwa akivunja ua wa shule. Lakini tangu Jumamosi ile nilipoingiza Landirova ya marehemu baba katika uwanja wa stesheni ya reli ya Eldoret, mimi kwake nikawa Ainabkoi, basi. Ainabkoi, rudi nyuma. Ainabkoi, toa hiyo kofia juu ya boneti. Kila mtu aliitwa kwa mahali gari lake lilikolala. Mwenye Foksi ya manjano, mzee mmoja nadhifu aliyestaafu ukarani, alikuwa Cheptiret. Mwenye lori kuukuu la kubebea mahindi, jitu refu lenye sauti ndogo, alikuwa Moi's Bridge. Siku moja Cheptiret alilala kwa dada yake hapa mjini ili awahi, na asubuhi Mwalimu akamwita Mjini. Mzee wa watu alinuna mpaka saa saba.

Niseme ukweli mapema: huyu mama alinisumbua miaka minane, na sijawahi kusumbuliwa kwa raha namna hiyo. Mimi nauza viazi. Maisha yangu ni magunia, mvua na simu za watu wanaotaka bei ishuke. Lakini mara mbili kwa mwaka, kabla ya kupanda na baada ya kuvuna, ujumbe wake ulikuwa ukiingia kwa simu, nami naanza kuchekacheka peke yangu sokoni hadi wenzangu wananiuliza kama nimepata mchumba.

Ujumbe wenyewe ulikuwa uleule siku zote. Jumamosi, saa mbili asubuhi, stesheni, leteni gari kama lilivyo. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyotugombanisha.

Huku kwetu mtu haendi kupigwa picha akiwa mchafu. Hata mtoto mchanga hupakwa mafuta kwanza, uso ukameta. Sasa umwambie mkulima alete gari lake la zamani katikati ya mji, mbele ya watu, likiwa na tope la shamba na manyoya ya kuku kwa kiti? Thubutu. Mwaka wa kwanza tulifika magari saba, na yote saba yalikuwa yanang'aa. Cheptiret alikuwa amepaka magurudumu kiwi ya viatu. Mimi niliosha Landirova siku mbili, na ile kutu ya mlangoni ambayo baba aliizoea nikaisugua kwa mchanga mpaka vidole vikauma. Moi's Bridge ndiye aliyetushinda sote. Alilipiga lori lake rangi ya samawati Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi rangi ilikuwa bado mbichi.

Mwalimu alishuka kwa bodaboda na mkoba wake, akatutazama tulivyojipanga, gari baada ya gari. Halafu akasema, "Nimeita magari, mmeniletea mabibi harusi." Akaegemea lori kwa uchovu. Alipojitoa, nusu ya koti lake la kijivu ilikuwa samawati. Moi's Bridge alitaka kulia. Mwalimu aliligeuza koti, akalikagua, akalivaa tena, na tangu siku hiyo hakuja stesheni na koti lingine.

Msimu uliofuata akatupa amri mpya: kabla ya kuingia mjini, kila mtu apitie barabara ya murram na asisimame popote. Tulitii. Tulipita murram tukafunikwa vumbi hadi kope. Lakini pale mji unapoanza kuna vijana wenye mashine ya kuoshea magari, na Foksi ya Cheptiret, iliyokuwa mbele, ikapunguza mwendo. Tuliingia foleni mmoja mmoja, macho chini. Mara ya tatu Mwalimu alikuja na debe la vumbi kutoka kwake nyumbani, akawa anayarushia magari kwa kijiko cha bustani, na Cheptiret akimfuata nyuma kwa leso, anapangusa. Picha za siku hiyo ninazo. Magari yote yana vumbi upande mmoja tu.

Udereva hakuujua. Hilo liliwashangaza wageni. Mtu aliyezungumza na magari namna ile ungedhani alizaliwa chini ya injini, kumbe hakuwahi kushika usukani, na ukimwonyesha kabureta alikuwa akisema ni kitu kizuri. Alichokuwa anataka ni mistari. Alikuja na chaki na ile pembe kubwa ya mbao ya ubaoni, ambayo nadhani shule haikujua kama imeondoka, akapiga magoti pale chini kwenye changarawe na kuchora mahali kila gurudumu lingekaa. Foksi, nyuzi thelathini. Landirova, nyuzi arobaini na tano. Ukikosea kwa inchi moja anakurudisha. Nilipomwambia siku moja kwamba inchi moja haitaonekana kwa picha, alinikumbusha swali la sehemu ambalo nililikosa darasa la sita. Alikumbuka mpaka jibu nililoandika.

Misemo yake ilikuwa ya ubaoni pia. Jibu sahihi bila njia ni wizi, alikuwa akisema, hasa ukimsifu. Ukichelewa ukaanza kueleza habari za pancha, alikuwa akielekeza kidole juani na kusema mwanga hauna shemeji. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alichelewa karibu kila mara. Alifika saa tatu, tukiwa tumesimama tangu saa mbili, na jambo la kwanza alilouliza ni nani amechelewa. Tukaanza kumtaja mtu kwa zamu ili mambo yaende.

Chai alikuja nayo kwenye chupa, nyeusi, bila sukari, kwa sababu ya daktari. Mandazi hakuleta, kwa sababu ya daktari. Lakini mandazi yangu alikuwa akiyala mawili, wakati mwingine matatu, akisema daktari alizungumzia yale ya kununua.

Kamera yake ilikuwa ya mkanda, ya zamani kama baadhi ya hayo magari. Aliipata studio moja ya mjini ilipofungwa, mwaka aliostaafu. Mkanda mmoja ni picha thelathini na sita, na mikanda siku hizi haipatikani Eldoret. Unaagiza Nairobi na unarudisha Nairobi ukaoshwe. Sisi tulikuwa na simu zinazopiga picha elfu bila kuhema. Tulimwambia. Alijibu kwamba mtu mwenye picha elfu hana haja ya kuangalia.

Na watu hakuwapiga picha. Hapo ndipo penye uchungu. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia kwenye picha yake. Tulimbembeleza. Cheptiret alikuwa akija na suti kamili, siku moja ya kijani kibichi aliyoivaa kwenye arusi ya mwanawe, akasimama karibu na Foksi kana kwamba amesahau kuondoka, na Mwalimu akangoja mikono kiunoni mpaka akaondoka. Nilimuuliza kwa nini. Alisema alizitazama sura za watu miaka thelathini na minne, arobaini na kitu kwa kila darasa, na kila moja ilikuwa inamdanganya kwamba imeelewa. Gari halijifanyi limeelewa. Ilikuwa ajabu kusikia hivyo, maana huyuhuyu ndiye aliyepanda basi hadi Ainabkoi kwenye matanga ya baba, akakaa na mama yangu siku mbili akimenya viazi.

Sasa nifike kwenye picha ya thelathini na sita.

Tangu mwanzo tuligundua kwamba Mwalimu hapigi picha ya mwisho. Akifika thelathini na tano anafunika lenzi, anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, anatazama reli upande wa Nakuru. Anakaa hivyo saa moja, saa mbili. Jua linapoinama anauzungusha mkanda na kuurudisha ndani, ile moja ikiwa tupu, na tunaenda nyumbani. Alikuwa anangoja treni.

Treni ya abiria tulishaisahau, lakini ya mizigo hupita, ikielekea mpakani au ikirudi. Husimama pale stesheni kidogo, inangoja ruhusa, kisha inaendelea. Itapita lini, hapo ni bahati nasibu. Stesheni masta alikuwa mtu muungwana na alitupa nafasi uwanjani bila neno, lakini akisema saa nne inakuja saa kumi, na akisema leo haipo tunaisikia tukiwa tumeshafika nyumbani. Mwalimu alitaka picha moja: magari yetu yote mbele, yamenyooka, na treni nyuma yao.

"Kila kitu cha haya magari kilikuja hapa kwa reli," aliniambia. "Spea, mafuta, mengine hata yenyewe yalishuka hapa. Hii ni picha ya familia, Ainabkoi. Nitapigaje picha ya familia na mama bado yuko jikoni?"

Basi tukangoja mama atoke jikoni. Mara kumi na sita tulikusanyika, na mara kumi na tano treni haikuja. Kinachochekesha ni kwamba alikuwa anaiogopa. Si treni yenyewe, honi. Alikuja na pamba mfukoni, na akisikia hata lori linapiga honi barabarani alikuwa akijaza masikio. Kwa mtu aliyengoja treni miaka minane, huo ulikuwa woga wa ajabu, na alikasirika sana tulipoutaja.

Mwaka juzi, kabla ya kupanda, nilianza kuona mistari ya chaki inapinda. Mwanzo nilidhani ni mawe. Halafu alichora mahali pa Landirova mara mbili, nyayo nane. Siku ya mkutano wa Desemba iliyopita alifika mapema, na hilo peke yake lilinitisha, kisha akamkaripia Cheptiret kwa kusimama mbele ya kamera. Alikuwa anaikaripia nguzo ya bomba la maji. Cheptiret alikuwa kando yangu, ndani ya ile suti ya kijani, amekodoa macho.

Nilimpelekea mandazi, nikakaa chini karibu na kiti chake. Hakunizungusha. Jicho la kulia, lile la kupigia picha, lilikuwa na ukungu, na la kushoto lilianza kulifuata. Binti yake alikuwa amepanga apasuliwe Januari. Daktari alisema mara nyingi huenda vizuri, lakini lake limekaa muda mrefu na hawezi kuahidi.

"Kwa hiyo hii ya leo," akasema, akaacha. Alikula andazi la kwanza lote kabla ya kuendelea. "Leo ikija, imekuja. Isipokuja, mimi nimefunga duka."

Niliwaambia wengine. Sikupaswa, lakini niliwaambia. Tulikuwa magari kumi na moja siku hiyo, na watu kumi na mmoja wazima tukaanza kutazama reli kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Moi's Bridge aliinama akaweka sikio kwenye chuma. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Picha thelathini na tano zikaisha. Wenye safari ndefu wakaanza kuwasha injini taratibu, kwa aibu, na magari yakawa yameshasogea kila upande. Mwalimu alikaa tu, lenzi imefunikwa.

Saa nane na dakika kumi stesheni masta akatoka ofisini anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alisema imepita Ainabkoi.

Watu wote waligeuka wakanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeituma. Mwalimu akasimama, akasema, "Hatimaye umeleta kitu kutoka kwenu."

Wueh. Kilichofuata nashindwa kukieleza bila kucheka. Kila mtu aliwasha gari kwa wakati mmoja, wanaotoka wakakutana na wanaorudi, na Moi's Bridge akaziba lango na lori lake akijaribu kugeuza. Foksi ya Cheptiret ilikataa kuwaka. Tuliinyanyua. Nasema tuliinyanyua, watu wanane, wazee wa kanisa na suti zao, tukaibeba juujuu kutoka kwenye bomba la maji mpaka kwenye mstari, Cheptiret mwenyewe akiwa ndani ameshika usukani kwa heshima zote. Mwalimu alikuwa anachora chaki mbio, mistari inaenda inakotaka, nasi tunasema ndiyo Mwalimu, sawa Mwalimu, halafu akigeuka tunayasogeza magari yanyooke. Nilikuwa nasukuma huku nacheka kwa furaha.

Tukasikia honi. Akajaza pamba. Treni ikaingia polepole, ndefu, na makontena yake, ikapita nyuma ya magari yetu yote, ikapunguza, ikasimama. Kichwa chake kilikuwa sawasawa nyuma ya Landirova ya baba. Ungepima kwa pembe usingekosoa.

Sisi wote tulikuwa nyuma ya kamera, kama sheria yake ilivyotaka. Mwalimu akainama. Nikangoja ule mlio mdogo wa kamera, na haukuja. Nikahesabu kumi, nikahesabu ishirini. Mwalimu ameinama tu, kidole juu ya kitufe.

Sijui nani alianza. Uongo, najua. Ni Moi's Bridge.

Lazima mgeni aeleweshwe jambo hapa. Fungua albamu ya nyumba yoyote ya wilaya hii, utaikuta picha ya mjomba, miaka hiyo, suruali pana, mkono mmoja juu ya boneti ya gari ambalo si lake. Hakuna anayejua gari lilikuwa la nani. Mtu alikuwa akiona chombo kikubwa kimesimama na kamera iko karibu, anaenda, anaweka mkono. Baba yangu aliwahi kupigwa picha na trekta la mzungu, na trekta la kanisa, na ambulensi, miaka mingi kabla hajanunua Landirova. Ni ugonjwa tulionyonya. Na hapa imesimama treni nzima, na hapa kuna kamera, na hapa kuna watu walionyimwa picha miaka minane.

Moi's Bridge alitoka taratibu, kama mtu anayekwenda haja. Halafu akaongeza mwendo. Cheptiret akamwona, akasema hapana, akamfuata mbio. Kisha wakamwagika wote. Wazima, wenye wajukuu, wakapita katikati ya magari yao wenyewe bila hata kuyatazama, wakikimbilia kuweka mkono kwenye treni. Stesheni masta naye. Na dereva wa treni, kijana mwenye kofia ngumu, alipoona kamera na yale magari, akashuka upande wetu akaja mbio kinyume, anakimbilia Foksi ya manjano.

Mimi nilibaki. Nilisimama nyuma ya Mwalimu na moyo umenishuka mpaka kwa viatu. Nilijiambia, hawa wamemuua, angalau mtu mmoja amheshimu. Nilikuwa na hasira nao kweli. Nikatazama ile treni. Nikatazama mahali wazi karibu na gurudumu lake la mbele, mahali pazuri, hakuna aliyekuwa amepachukua. Mungu anisamehe. Nilikamata sketi yangu kwa mikono miwili nikakimbia, na nilikuwa katikati ya njia kamera ilipolia.

Tulirudi mmoja mmoja kama wanafunzi waliovunja dirisha. Mwalimu alikuwa anazungusha mkanda. Hakuuliza kitu, hakukaripia mtu. Alitoa pamba masikioni, akanikabidhi mkanda, akaniomba niupeleke mimi Nairobi maana yeye ana safari ya jicho, akapanda bodaboda na koti lake la samawati. Cheptiret alinong'ona kwamba hakuona. Alisema mtu anayekaripia nguzo hawezi kuwa ameona. Tukashika hapo. Kwake yeye, tulijiambia, amepata picha yake: magari na treni, imenyooka.

Picha ziliporudi, niliita mkutano kwenye hoteli moja karibu na soko, mimi, Cheptiret na Moi's Bridge. Tuliiweka ile ya thelathini na sita mezani katikati ya vikombe. Hakuna aliyeinywa chai yake. Magari kumi na moja yako kwenye mstari, kamili, na hakuna mtu anayeyajali. Nyuma yao watu wamegeuza migongo, wanakimbia. Moi's Bridge amefungua mikono anataka kuikumbatia treni. Cheptiret yuko hewani, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Dereva wa treni peke yake anaitazama kamera, kiwiko juu ya Foksi, ametulia kama mwenye mali. Na mbele kabisa, mkubwa kuliko wote kwa sababu ndiye aliye karibu, ni mwanamke mnene ameshika sketi, visigino juu.

Moi's Bridge alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba tumemharibia mama wa watu kitu cha pekee alichotaka. Cheptiret, karani hata uzeeni, akaandika kwenye kikaratasi maneno ya kusema: mkanda uliungua huko Nairobi, picha ya mwisho haikutoka, pole sana. Tulikubaliana niyaseme mimi. Niliyarudia kwa sauti ndani ya Landirova kuanzia Ainabkoi hadi mjini, mara kama ishirini, na kila mara yalizidi kuwa mabaya.

Ilikuwa Februari. Binti yake alinifungulia mlango, akanipitisha sebuleni, akarudi jikoni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa miwani myeusi. Aliivua akanitazama kuanzia juu hadi chini, jicho la kulia liking'aa bila ukungu, na nilijua limepona hata kabla hajasema kitu.

"Ainabkoi," akasema, "umenenepa."

Nilicheka, nikakaa, nikaanza kikaratasi cha Cheptiret. Nilifika kwenye neno uliungua. Mwalimu alinyoosha mkono tu, kiganja juu, na hakuusogeza. Nikatoa bahasha mkobani nikampa.

Aliipeleka picha dirishani. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nilimwambia pole, nilimwambia miaka minane na tumekuharibia kwa dakika moja, na mimi ndiye mbaya zaidi kwa sababu nilijua. Nilikuwa bado naendelea niliposikia sauti nisiyoijua. Mabega ya Mwalimu yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka, kicheko chembamba cha msichana, mpaka binti yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini.

"Mlifikiri sikuwaona," akasema alipopata pumzi. "Jicho lilikuwa na ukungu, lakini ile suti ya Cheptiret hata kipofu angeiona."

Nikamuuliza, sasa mbona alibonyeza. Mbona hakubonyeza mapema, treni iliposimama, sisi tukiwa bado nyuma, kila kitu kimenyooka.

"Niliitazama," akasema. "Ilikuwa sawa kabisa, kama nilivyoitaka. Miaka minane nimeingoja, na imefika, nikaona ni magari na treni. Nikasema, kumbe ni hii tu?" Akapangusa macho kwa kanga. "Halafu nikasikia miguu."

Aliigeuza picha tena kwenye mwanga, akaisogeza karibu na jicho jipya, akaweka kidole juu ya yule mwanamke mwenye sketi.

"Wote walikuwa wameshaingia," akasema. "Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, unajifanya mtu mwema, na nina picha moja. Kidole kimekufa ganzi. Nikasema, Mungu wangu, huyu naye atakimbia lini?"